"Mkarimu, mcheshi, mpenda watu": maneno yanayomfuta bibi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuseme jambo kuhusu ukurasa ambao wasomaji wengi huufungua kwanza ingawa hakuna anayekiri: ukurasa wa matangazo ya vifo. Funika majina kwa kiganja, kisha soma matangazo ya mabibi. Wote walikuwa wakarimu. Wote walikuwa wacheshi. Wote walipenda watu. Chukua picha ya huyu uiweke kwa yule, na tangazo halitahitaji kusahihishwa hata nukta. Maneno yanayomfaa kila bibi aliyepata kuishi hayamhusu yeyote kati yao.

Hatuwalaumu wafiwa. Tangazo huandikwa usiku na mtu ambaye hajalala, simu zinaita, na nafasi ya gazeti hulipiwa kwa ukubwa wake. Tatizo ni kwamba maneno yale yale hunakiliwa kwenye wasifu unaosomwa mbele ya waombolezaji, kisha kwenye kijitabu cha kumbukumbu, na baada ya mwaka ndiyo pekee yaliyobaki kwenye karatasi. Tanzia ni taarifa ya kifo: nani, lini, wapi, ratiba ikoje. Maneno 60 yanaitosha. Wasifu ni maisha ya mtu, nao ukiwa wa kusomwa kwa sauti unataka maneno 500 hadi 700. Ni kazi mbili tofauti, na anayeandika ya kwanza si lazima awe ndiye wa kuandika ya pili. Kwa kweli ni heri wawe watu wawili, maana mwenye ratiba kichwani hana nafasi ya kumfikiria marehemu.

Sasa, kati ya watu wote, bibi mkarimu aliyezoeana na watu ndiye mgumu kuliko wote kuandikwa. Mtu wa mshahara ameacha barua ya ajira, hati za malipo, picha ya siku ya kustaafu. Aliyekuwa akitoa hana hati. Hakuandika alichotoa, na mara nyingi alifanya makusudi kisijulikane. Daftari la ukarimu wake limo vichwani mwa waliopokea, kila mmoja ana ukurasa wake, na hakuna anayejua ukurasa wa mwenzake. Kwa hiyo familia ikijifungia sebuleni kuandika wasifu, imewakusanya watu wanaojua machache kuliko wote. Wafiwa hushtuka wakiambiwa hivyo, lakini hebu tufikiri. Watoto walikuwa shuleni, kazini, au walishahama. Walichokiona nyumbani ni upande wa pili wa ukarimu: kitu kilichokuwapo jana, leo hakipo. Wengi wao waliunung'unikia.

Basi waulizwe nani? Anzeni na simu yake. Si kusoma ujumbe wa watu, hapana. Ni orodha ya majina tu. Angalieni namba alizopiga mwenyewe mara kwa mara na majina aliyoyahifadhi, maana mtu wa watu huwapa watu majina yake: fundi fulani wa viatu kaandikwa kwa kilema chake, jirani kaandikwa kwa mtoto wake wa tatu, sijui kwa nini wa tatu. Kila jina la namna hiyo lina kisa. Nakilini orodha kwenye karatasi mapema, kwa ridhaa ya wanaohusika na mali zake, kwa sababu laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na kampuni ya simu na namba hupewa mtu mwingine. Kama kadi imefungwa kwa namba ya siri, msibahatishe. Ukikosea PIN mara 3 itadai PUK, ile namba ndefu ya kufungulia kadi, na ukikosea PUK mara 10 kadi imekufa kabisa, pamoja na namba zilizohifadhiwa ndani yake.

Baada ya simu, nendeni kwa jirani wa mlango wa kulia na wa kushoto, mwenye duka alikokuwa akikopa, mtunza hazina wa kikundi chake, fundi wake wa nguo, mtu aliyekuwa akimsukia nywele, na muuguzi aliyezoea kumwona. Watafuteni watoto wa jirani wenye umri wa miaka 8 hadi 12; hao huona mambo ambayo mtu mzima amekwisha kuyazoea. Na kuna mtu mmoja ambaye hukosekana kwenye kila orodha, naye ni yule aliyegombana naye. Msimwogope. Aliyegombana na bibi huwa amemchunguza sana, na mara nyingi yeye ndiye atakayewaeleza walivyopatana.

Watu 12 hadi 15 hutosha. Ukiona watatu mfululizo hawaongezi jipya, umefika mwisho wa kisima. Waulizwe mmoja mmoja. Wakikaa kwenye kundi, anayezungumza wa kwanza ndiye huweka kisa, na waliobaki huitikia "ndivyo", hata yule aliyekuwa na kisa tofauti huanza kukitilia shaka chake. Kosa hili hutokea kila mara kwa sababu kundi ndilo rahisi: wote wameshaketi hapo, kwa nini usiwaulize pamoja? Waulize pamoja baadaye, ili wabishane. Kwanza kila mtu atoe chake.

Swali linaloharibu kazi ni "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?" Ukiuliza hivyo umeomba sifa, utapewa sifa. Uliza mambo yenye mahali na yenye mikono. Mara ya mwisho ulipomwona alikuwa ameketi wapi? Mikono yake ilikuwa inafanya nini? Alikuwa akikuita kwa jina gani? Alipoingia mgeni asiyemjua, neno lake la kwanza lilikuwa lipi? Uliwahi kumwomba kitu akakukatalia? Hili la mwisho lina faida kubwa kuliko yote, kwa sababu ukarimu wa mtu huonekana mpaka wake. Bibi aliyempa kila mtu kila kitu hayupo. Yupo aliyeazimisha sufuria lakini si mkasi wake wa kushonea, na mkasi huo ndio utakaomfanya msikilizaji atabasamu.

Na jibu likija na sifa, lisukume. Tuonyeshe kwa mfano wa kubuni, kwa karibu, jinsi mazungumzo yanavyokwenda.

"Alikuwa mkarimu sana." Alitoa nini? "Vitu vingi." Taja kimoja. "Basi tuseme miavuli." Mingapi? "Mitatu, ilikuwa ikining'inia nyuma ya mlango." Wake ni upi? "Ule wenye mpini uliovunjika. Ile miwili mizima ilikuwa ya watu." Alijuaje nani kachukua? "Aliandika jina kwa chaki mlangoni kwa ndani. Ukirudisha mwavuli unafuta jina lako mwenyewe." Na asiyerudisha? "Jina lilikaa pale, kila mgeni akilisoma."

Majibu mawili ya kwanza ni yale ya kwenye tangazo. La tano limeleta ukarimu wenyewe: alijibakizia kibovu. La sita limemleta mtu: mpole, lakini si mjinga. Anayeuliza kwa kawaida huishia jibu la pili kwa kuona haya kumsumbua mfiwa. Mfiwa hasumbuki. Akipata kitu cha kukumbuka chenye umbo, uso wake hubadilika, na mara nyingi yeye ndiye haachi kusimulia. Baada ya kila swali nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Jibu bora huja kwenye saba au nane, wakati muulizaji asiye na subira amekwisha kurukia swali lingine.

Mazungumzo yarekodiwe, kwa idhini ya anayeongea, na idhini yenyewe isikike mwanzoni mwa sauti pamoja na tarehe na jina lake. Simu ya kawaida inatosha. Iwekwe hali ya ndege, la sivyo itaita katikati ya neno. Iwe umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu meza tupu hupeleka kila mgongano wa kikombe na kila kiganja kinachopiga mbao moja kwa moja kwenye kinasa sauti. Feni izimwe, sikio la mtu huizoea baada ya dakika mbili, kinasa sauti hakizoei. Programu ikiruhusu, chagua WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, hezi 44,100, biti 16, njia moja (mono). Saa moja itachukua kama megabaiti 318, jambo ambalo simu nyingi huliweza. Usitegemee ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa kazi hii. Sauti yake hubanwa sana ili isafiri haraka, na kilichokatwa hakirudi.

Kuandika kwa herufi saa moja ya mazungumzo ni kazi ya saa 4 hadi 6. Ndiyo maana rekodi nyingi hubaki hazijaguswa. Kama muda haupo, sikiliza mara moja tu ukiandika dakika na neno moja pembeni: "12:40 miavuli", "31:05 mkasi". Nusu ukurasa wa namna hiyo una faida kuliko rekodi kumi ambazo hakuna ajuaye kilichomo.

Haya yote, bila shaka, ni mepesi zaidi bibi akiwa hai. Dakika 45 kwa kikao zinatosha, asubuhi, upande wa sikio linalosikia vizuri. Usimwambie "tusimulie maisha yako", atasema hakuna cha kusimulia. Mpe kitu mkononi, picha au ufunguo wa zamani, uulize ni cha nini.

Tuje kwenye tarehe, ambako makosa ni mengi na hayana sababu. Umri hukosewa kwa kutoa mwaka kwa mwaka bila kutazama mwezi. Aliyezaliwa Novemba 1941 akafariki Machi 2024 alikuwa na miaka 82, si 83. Halafu kuna tarehe ya Januari 1. Ukiikuta kwenye kitambulisho cha mtu wa zamani, itilie shaka kwanza, maana makarani sehemu nyingi duniani wamekuwa wakiijaza pale tarehe halisi isipojulikana. Linganisha na nyaraka zilizoandikwa mapema zaidi: cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki ya mtoto wa kwanza, maandishi nyuma ya picha. Karatasi iliyoandikwa karibu na tukio ina nguvu kuliko iliyoandikwa miaka 40 baadaye, hata kama hii ya pili ina mhuri mzuri. Na kama umri ulihesabiwa kwa miaka ya mwandamo, kumbuka kwamba miaka 33 ya Hijria ni sawa na kama 32 ya kalenda ya kawaida. Bibi wa miaka 82 hapa ana 84 na nusu kule, na ndugu wawili wanaobishana huenda wote wamesema kweli.

Nyaraka zikikosekana, tumia matukio. Alikuwa ameshaolewa mwaka wa mafuriko makubwa au bado? Mdogo wake anayemfuata alizaliwa kabla ya vita kuisha au baada? Ukipata "baada ya hiki, kabla ya kile", una miaka miwili au mitatu ya kuchagua, na hapo neno "karibu" linatosha: "alizaliwa karibu 1938". Msikilizaji haumii kwa neno hilo. Huumia shangazi aliyeketi mbele anaposikia tarehe ya uhakika ambayo anajua si kweli, kisha hasikilizi tena kilichobaki.

Idadi ya waliobaki nayo huleta ugomvi. Mtoto wa mtoto ni mjukuu, mtoto wa mjukuu ni kitukuu, mtoto wa kitukuu ni kilembwe, na wa kilembwe ni kining'ina. Kabla ya kuhesabu, kubalianeni mambo matatu: je, wanaotajwa ni walio hai tu au na waliotangulia? Watoto wa mume wa ndoa nyingine wamo? Na wale aliowalea bila kuwazaa, ambao kwa bibi wa namna hii huwa wengi, wamo? Kisha kila tawi lihesabu la kwake kwa majina, si kwa namba, likianzia kwa mtoto mkubwa. Majina yakiunganishwa, jumla inajitokeza yenyewe. Tawi likitoa namba tupu, mtoto aliyezaliwa mwezi uliopita husahaulika, na mama yake hatasamehe. Sentensi iliyo salama ni hii: "Alizaa watoto 8, walio hai ni 5, alilea wengine 4", kisha majina. Hao wanne wakiachwa nje, wasifu umemnyima bibi kazi aliyoifanya kwa miaka mingi kuliko nyingine yoyote.

Ya kukusanya yamekwisha, sasa kuandika. Usianze na kuzaliwa. Wasikilizaji wako bado wanatafuta pa kuketi, wananong'ona, na tarehe ya kuzaliwa ndiyo kitu wanachokitarajia, kwa hiyo hawaisikii. Anza na jambo moja alilokuwa akilifanya, sentensi mbili au tatu, la kila mtu aliyewahi kufika kwake kulitambua. Chaki mlangoni. Kuzaliwa na wazazi vije aya ya pili, kwa ufupi. Shule, ndoa na kazi vichukue robo ya wasifu, visizidi. Nusu nzima iende kwenye namna alivyoishi na watu, maana ndilo jambo lililowaleta waliokuja. Ugonjwa upewe sentensi moja. Wengi huumaliza wasifu wodini, hospitali hadi hospitali, na bibi aliyetembea miaka 80 akabaki kwenye kumbukumbu za watu akiwa amelala.

Kuhusu lugha, tunasema kwa uzoefu wa kusahihisha: kila "alikuwa" ikifuatwa na sifa, itilie mstari. Zikizidi tatu kwenye ukurasa, kuna kazi haijafanywa. "Alikuwa mcheshi" haichekeshi mtu. Andika alichosema, kwa maneno yake, hata kama si Kiswahili fasaha, hata kama ni nusu ya lugha yake ya nyumbani. Jihadhari pia na "alipendwa na wote", maana kauli hiyo ya kutendwa inaficha aliyempenda na sababu yake. Kwa jambo la mazoea, "alikuwa akiketi" au "huketi" hufanya kazi vizuri kuliko "aliketi", ambayo husikika kama ilitokea mara moja. Kisa kikianza, "-li-" moja ifungue mlango kisha "-ka-" ziendeshe: aliamka, akawasha taa, akauliza nani mwenzangu. Na methali ya kutoa ni moyo si utajiri, tafadhali, ipumzike. Bibi mwenyewe pengine aliitumia kwa kumkejeli bahili.

Kasoro zisemwe? Tunadhani ndiyo, moja au mbili, zile ambazo kila mtu alizijua na zilizokwenda sambamba na wema wake. Mtu wa watu huchelewa kila mahali kwa sababu husalimia kila mtu njiani. Mtu anayetoa huwahi kutoa na visivyo vyake. Ukisema hivyo ukumbi hucheka, na kicheko hicho ni cha kumtambua. Kasoro inayobaki na kidonda kwa mtu aliye hai haimo kwenye hesabu hii, iache.

Lakini kuna siri nyingine ambayo huvunjwa kwa nia njema, na hii inatukera zaidi kuliko sifa tupu. Ni kumtaja aliyesaidiwa. "Alimlipia fulani ada baba yake aliposhindwa." "Alimhifadhi fulani alipofukuzwa na mumewe." Fulani ameketi safu ya nne, na watoto wake pembeni hawakuwa na habari. Bibi alificha jambo hilo miaka 20, wasifu umelitangaza kwa dakika moja. Kanuni yetu ni rahisi: tendo litajwe, kiasi kitajwe, jina lisitajwe isipokuwa mwenyewe ameruhusu kwa kinywa chake. "Ada za watoto watatu wasio wake, kwa miaka sita" ina nguvu zote inazohitaji. Mhariri, hata gazeti lako lingeweza kuwauliza wanaoleta wasifu swali moja kabla ya kuchapa: mwenye jina ameruhusu?

Urefu upimwe kwa saa, si kwa kurasa. Kiswahili kikisomwa kwa sauti kwa utulivu huenda maneno 90 hadi 110 kwa dakika, kwa kuwa neno letu moja, kama "alituazimisha", hubeba mtenda, wakati, mtendewa na tendo kwa pamoja. Maneno 600 ni dakika 6. Ongeza dakika moja ya vicheko, vikohozi na machozi. Ukivuka 10, waliosimama nyuma huanza kuondoka, na si kwa kukosa heshima, ni jua na miguu.

Chapisha kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi ya mistari iwe 1.5, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba na bila kubanwa kwa pini. Kurasa zilizobanwa hupinduliwa kwa kelele mbele ya kipaza sauti, na zisizo na namba zikidondoka upepo ukipita, msomaji ataruka kutoka utotoni hadi uzeeni. Sentensi isizidi maneno 20. Msomaji mwenye kwikwi hana pumzi ya zaidi. Asome kwa sauti angalau mara 3 kabla, akiwa amesimama. Atagundua sentensi inayomkaba koo, maana karibu kila wasifu una moja, na hiyo aiwekee mstari mwekundu pembeni ili asikutane nayo ghafla. Mtu wa pili asimame karibu naye akiwa na nakala yake, akifuatisha kwa kidole. Wa kwanza akishindwa, wa pili aendelee kutoka neno hilo hilo, bila kurudi mwanzo wa aya na bila kueleza chochote.

Kwenye picha tutakuwa wafupi. Picha ya 10 kwa 15 ipitishwe kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi. Ya pasipoti ipitishwe kwa 1,200, na hata hivyo usiikuze kuvuka A5, yaani nusu ya A4. Karatasi ya A4 yenye chapa safi huhitaji nukta 2,480 kwa 3,508, na pasipoti ya milimita 35 kwa 45 itakupa 1,654 kwa 2,126 tu. Ndiyo sababu bibi wengi kwenye mabango wana uso wa ukungu. Picha ikipita WhatsApp kama picha hupunguzwa, basi itumwe kama faili. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu isibanduliwe, ipitishwe skana pamoja na kioo chake. Majina ya waliomo yaandikwe nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza; kalamu ya wino huvuja ikachafua uso wa picha iliyo chini yake. Karatasi yenye ngozi ya plastiki haishiki penseli, kwa hiyo andika kwenye bahasha.

Wasifu uliokwisha kusomwa haujakwisha kuandikwa. Siku ile ile watu watamfuata msomaji wakisema "mmesahau" na "haikuwa hivyo". Awepo mmoja mwenye daftari wa kuwasikiliza, maana baada ya juma moja watakuwa wametawanyika. Kisha chapisheni upya kwa mashine ya leza, kwa kuwa chapa nyingi za wino wa maji huyeyuka zikilowa. Pembeni mwa kila ukurasa acheni sentimita 5 tupu, na chini andikeni "toleo la pili" na tarehe. Nakala tatu zikae nyumba tatu tofauti. Faili za sauti na picha ziwe mahali pawili, pamoja na pa tatu mbali na nyumbani. Ile nafasi tupu ya pembeni ni ya wanaokuja na kalamu, na kila nyumba ifungiwe kalamu yake kwa uzi kwenye jalada, la sivyo itaondoka na mgeni wa kwanza.

Wako,
Waandaaji na wasahihishaji wa wasifu wa familia